Mtoto Aliyesema Nilikuwepo Alipokufa

"Wewe ulikuwepo nilipokufa."

Aliyeniambia maneno hayo alikuwa na miaka minne na nusu. Kavaa kiatu kimoja. Mkononi ana kipande cha chaki, na mdomoni pia ana chaki.

Nimezunguka sana. Nimelala stesheni, nimelala kwenye mabohari, kuna mji mmoja nimefukuzwa mara mbili. Lakini kutambuliwa na marehemu mwenye kamasi, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Ngoja nirudi mwanzo, maana mkiniachia nitaanzia mwisho.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza zile zinazoshona. Watu wananiita Mzee Bisibisi.

Shule nilisoma vipande vipande. Darasa la kwanza mji huu, la tatu mji mwingine, na la pili sikulimaliza kwa sababu mwalimu alinichapa mkono wa kushoto kila nikishika kalamu. Kusoma nikajifundisha mwenyewe kwenye vijitabu vya maelekezo ya mashine. Kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, nivumilieni.

Ujanani nilifanya kibarua kwenye kiwanda cha kushona sare. Rafiki yangu pale alikuwa mkata vitambaa mmoja mrefu, mwembamba, tukimwita Rula. Chaki haikutoka nyuma ya sikio lake hata akienda kuoga.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kizamani. Juu karibu na dari kulikuwa na mhimili mmoja mrefu unaozunguka, na mikanda ya ngozi ilishuka kutoka kwake mpaka kwenye kila mashine. Mkanda ukichomoka, mtu anapanda ngazi kuurudisha. Kwa urefu wake, Rula ndiye alikuwa akitumwa.

Sisi wafanyakazi tulikuwa na sheria yetu moja, haikuandikwa popote. Anayepanda lazima awe na mtu chini anayeshika ngazi. Huyo wa chini tulimwita "mguu". Mguu hajibu salamu, haendi chooni, hajikuni, mpaka nyayo zote mbili za aliyepanda ziguse sakafu.

Miaka ishirini iliyopita, Rula alianguka kutoka kwenye ile ngazi akafa.

Siku hiyo mguu nilikuwa mimi.

Wenye kiwanda wakaandika "ngazi iliteleza," faili likafungwa. Mimi nikaenda kwa mkewe, ambaye kwangu ni shemeji, nikamwambia ilivyotokea. Kwamba sakafu ilikuwa na mafuta. Kwamba nilishika nikashindwa. Kwamba neno la mwisho la mumewe lilikuwa kumwita yeye.

Wiki hiyohiyo nikabeba sanduku langu la vyombo, nikaondoka. Nimekuwa nikiondoka tangu hapo.

Sasa, mwaka juzi nilipita tena mji ule. Nikapiga hodi kwa shemeji, kama ninavyofanya kila baada ya miaka miwili mitatu. Akanifungulia akiwa na uso wa mtu aliyepokea barua.

"Shemeji," akasema, "kaka yako amerudi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mtaa wa nyuma alikuwa amehamia mama mmoja mshonaji, na binti yake mdogo. Huyo binti alikuwa na mdomo kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia, mtaa mzima ukamwita Chiriku. Na Chiriku alikuwa akisema kwamba zamani alikuwa mwanamume mrefu. Kwamba alikuwa akijigonga kichwa mlangoni. Kwamba alikuwa anaweka chaki sikioni. Kwamba alikuwa na mke, na yeye akimwita mke huyo "Jirani".

Hapo kwenye Jirani ndipo shemeji alipoishiwa nguvu. Marehemu alikuwa akimtania hivyo tangu wachumbiane, kwa sababu kweli walikuwa majirani. Hilo lilikuwa neno la ndani ya nyumba.

"Na amesema alivyokufa," shemeji akaendelea, sauti imeshuka. "Amesema alisukumwa kwenye ngazi. Na mtu mwenye mkasi wa mpini mwekundu."

Mtu mwenye mkasi wa mpini mwekundu tulikuwa tunamjua sote. Alikuwa mkata vitambaa mwenzake Rula. Waliwahi kugombana mbele ya watu kwa ajili ya mkasi huo huo. Sasa ni mzee, ana kibanda cha kuuza vifungo na zipu karibu na soko, watoto wanamwita Babu Vifungo.

Wakati tunaongea akaingia mtoto wa marehemu. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka minane. Sasa ni mchomeleaji vyuma, bega lake moja ni mabega yangu yote mawili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Hakukaa. "Wewe ulikuwepo siku ile. Alisukumwa?"

Jamani, swali hilo lilihitaji neno moja tu. Mimi nikatoa mengi. "Mambo yalikuwa ya haraka, mwanangu. Mtu ukiwa chini, unaangalia ngazi, huangalii juu."

Akanitazama. "Kwa hiyo huwezi kukataa."

"Siwezi kusema sana."

"Sawa," akasema. "Kuna daktari amekuja kumchunguza yule mtoto. Jumamosi anatupa jibu. Akisema mtoto ni wa kweli, mimi na yule mzee wa vifungo tutaongea."

Namna alivyosema "tutaongea", nilitamani Babu Vifungo awe ameshahama.

Kesho yake nikaenda kumtafuta huyo daktari. Moyoni nilisema nakwenda kumfichua aliyemfundisha mtoto. Kuna mtu alikuwa anapika kitu, na mimi pua yangu haijawahi kunidanganya.

Nilimshuku mama wa mtoto. Mgeni mtaani, mshonaji, anahitaji wateja, na binti mwenye maajabu ni tangazo tosha. Nikamshuku shemeji pia. Mjane wa miaka kumi na minane anaweza kusikia anachotaka kusikia. Daktari mwenyewe ndiye nilimshuku kuliko wote.

Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya raba, begi mgongoni, mtu wa chuo kikuu. Alikuwa daktari wa karatasi, hana sindano. Msaidizi wake alikuwa ameugua, akawa anatafuta mwenyeji anayejua nyumba za watu.

"Nyumba zote zenye cherehani nazijua," nikamwambia. "Lakini nikuulize, dada. Wewe unakula nini katika hili? Mtoto akiwa wa kweli unapata jina, siyo?"

Akacheka. "Akiwa wa kweli napata maadui. Asipokuwa wa kweli napata maadui wengine."

"Basi kwa nini usilale nyumbani?"

"Kwa sababu kila ninapofika, watu wameshaamua. Wapo wanaoabudu mtoto, wapo wanaomchapa. Hakuna aliyekaa akamsikiliza."

Nikaona huyu mjanja. Nikamfuata.

Utaratibu wake ulinishangaza. Kwanza alikataa kabisa mtoto apelekwe kwa shemeji. Alitaka yaandikwe kwanza yote aliyosema mtoto, na nani alimsikia, na lini, kabla ya familia mbili kukaa pamoja na kuanza kuchangiana maneno. Alikuwa amechelewa kidogo. Majirani walishamuuliza mtoto maswali mpaka akachoka.

"Walimuuliza vipi?" daktari akamuuliza jirani mmoja.

"Nilimuuliza, je, kichogoni ndipo ulipoumia? Akasema ndiyo."

Chiriku alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa kichogoni. Daktari akaandika, kisha akatoa karatasi ya zamani ya hospitali aliyopewa na shemeji. Rula aliumia kwenye paji la uso.

"Ungemuuliza kama aliumia kwenye goti," daktari akamwambia yule jirani taratibu, "angesema nini?"

Ndipo tukaingia chumbani kwa mama Chiriku. Chumba kimoja, pazia katikati, vipande vya vitambaa sakafuni, cherehani dirishani.

Nilipoiona ile cherehani kuna kitu nilikitambua, nikajikausha. Nitakisema kwa wakati wake.

Mama mtu alinitazama muda mrefu. "Mzee, tumewahi kuonana?"

"Wazee tunafanana, mwanangu."

Ndipo Chiriku akatoka nyuma ya pazia, na kiatu chake kimoja na chaki yake mdomoni, akanipa ile sentensi niliyoanzia.

"Wewe ulikuwepo nilipokufa."

Mama yake akashika mdomo. Daktari hata hakuinua kichwa, aliandika tu, kisha akaangalia saa, akaandika na saa.

"Mama," akauliza, "kuna mtu yeyote wa kile kiwanda amewahi kuingia chumba unachokaa, hapa au ulikotoka?"

"Hapana. Huko nilikotoka ni safari ya siku nzima. Kiwanda chenyewe nimekisikia hapa."

Nilijiambia sijaulizwa mimi.

"Chiriku," daktari akasema, "nionyeshe kazi uliyokuwa unafanya."

Mtoto akatandaza kitambaa sakafuni. Akachora mstari kwa chaki, ulimi nje. Kisha akafanya vidole viwili kama mkasi, akakata hewa mstari mzima, anajisemea, "Kacha, kacha, kacha." Mwishoni akapuliza vidole kama mtu anayepuliza vumbi.

Nakwambieni, ilikuwa picha yenyewe.

Tulipotoka nikamwambia daktari, "Mbona umejionea mwenyewe."

"Nimeona," akasema. "Alichora kwa mkono wa kulia. Akakata kwa mkono wa kushoto."

"Mtoto huyo, dada. Mikono ni mikono."

"Anakula kwa kulia, anarusha kwa kulia, anavua kiatu kwa kulia. Isipokuwa akiwa marehemu." Akafunga daftari. "Mzee, watu wakinipa habari hizi wanahesabu yaliyopatia. Mimi naokota yaliyokosea. Kweli ni ya wote, yeyote anaweza kuwa ameisema. Kosa lina mwenyewe."

Njiani tulipita kwa Babu Vifungo. Mtu alikuwa ameandika neno MUUAJI kwa rangi kwenye ubao wa kibanda chake. Mzee amekaa chini ya hilo neno, anapanga vifungo kwa rangi, wala hakuna mteja.

"Siku ile nilikuwa kwa daktari wa meno," akatuambia, bila kuulizwa. "Lakini nani anatunza karatasi ya jino miaka kumi na minane? Ningelitunza jino lenyewe."

Akanigeukia mimi.

"Bisibisi. Wewe ulikuwa mguu. Si uwaambie?"

"Nitasema, kaka."

"Lini? Jana wamemwaga vifungo vyangu mtaroni. Nimeokota mpaka kiuno kimegoma."

"Nitasema."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye vifungo vyake. Vyekundu alikuwa anaviweka na vya kahawia.

Tukaenda kwa shemeji. Daktari akamuuliza mumewe alikata kwa mkono gani.

"Kulia," shemeji akajibu. Akatoa mkasi wa marehemu ukutani, ule mkubwa wa kukatia. Ulikuwa wa mkono wa kulia, umetengenezwa hivyo. Kwa kushoto unatafuna kitambaa.

"Skrubu yake imelegea," daktari akasema. "Mzee, hebu tukazie."

Kazi ndogo. Nikafungua sanduku, nikachomoa bisibisi, nikakaza. Kisha nikaujaribu hewani, kacha, kacha, kacha. Nikapuliza vumbi.

Nilipoinua macho, shemeji alikuwa anatazama mkasi. Daktari alikuwa anatazama mkono wangu.

Wa kushoto.

Daktari alishukuru, akaaga, tukatoka. Tulipofika kwenye kona ya ukuta wa shule, mahali pasipo na mtu, akasimama.

"Ile cherehani dirishani. Pedali yake imeunganishwa na mtu, tena kwa ufundi. Ni wewe?"

Nilitaka kusema mafundi tunafanana. Badala yake nikasema ni mimi.

Sasa nakisema kile nilichokitambua.

Miaka miwili kabla ya hapo, kwenye mji ule mwingine, nilitengeneza cherehani ya mama Chiriku. Kilikosekana kipuri, nikakisubiri wiki nzima. Yeye alikuwa akitoka kutafuta kazi za kushona, mimi nabaki na pedali iliyovunjika na mtoto anayelia chini ya meza, hajafika miaka mitatu.

Mimi nikifanya kazi huwa naongea. Ni ugonjwa. Nikamsimulia habari za Rula. Namna alivyojigonga mlangoni, akacheka. Nikaonyesha alivyokata, kwa mkono wangu huu. Akataka tena. Kila siku akinivuta suruali, "Babu, lefu," maana yake yule mrefu. Nikamwambia na habari ya Jirani, kwa sababu nilikula sana kwenye nyumba ile na niliyasikia hayo mezani.

Mtoto mdogo niliona ni kama ukuta. Nani amewahi kusutwa na ukuta?

"Na kusukumwa?" daktari akauliza.

"Na kusukumwa."

Maana kwa miaka mingi, katika miji ya mbali ambako hakuna anayemjua yeyote, nilikuwa nasimulia hivyo. Kwamba nilikuwa chini nimeshika ngazi kwa mikono miwili, na akaja mtu mwenye mkasi mwekundu. Hadithi ilihitaji mtu mbaya. Yule ndiye aliyenijia kichwani kwanza, kwa ugomvi wao wa zamani. Nilijua haitafika kwake kamwe. Nani alijua mtoto atahama pamoja na hadithi yangu tumboni, kuja mtaa wa nyuma ya mjane?

"Kwa nini ilihitaji mtu mbaya?" daktari akauliza.

Nikaangalia viatu vyake vya raba.

Alinisubiri sana, kisha akasema, "Jumamosi nitasoma ripoti. Naweza kusoma kwamba chanzo kimepatikana. Au chanzo kinaweza kuongea chenyewe."

"Nikiondoka leo?"

"Una uzoefu," akasema, akaenda zake.

Ile Ijumaa nilifunga sanduku mara mbili. Mara mbili nikalifungua.

Jumamosi uani kwa shemeji palijaa. Mchomeleaji amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mama Chiriku na binti yake pembeni. Babu Vifungo ameletwa, amekaa kwenye stuli, boksi lake la vifungo mapajani, kama mtu asiyejua kama atarudi nyumbani.

Daktari akasimama na daftari. Akanitazama mara moja tu.

Nikasimama.

"Mtoto hakudanganya," nikasema. "Alisema alichoambiwa. Niliyemwambia ni mimi."

Nikaeleza cherehani, wiki ile, mkono wa kushoto. Mama Chiriku akasema taratibu, "Nilijua. Nilijua ule uso," akamvuta mwanawe karibu.

"Huyu mzee hakumsukuma mtu," nikasema. "Alikuwa anang'olewa jino. Nilimbandikia kosa mimi."

Mchomeleaji alinijia hatua mbili. "Baba mdogo. Ulikuwa umeshika ngazi. Kama hakusukumwa, alianguka vipi?"

Hapo ndipo barabara yangu ilipoishia.

"Sikuwa nimeshika," nikasema. "Baba yako alipanda, mkanda ukamsumbua, akachelewa. Mimi nikatoka nyuma ya ghala kuvuta sigara. Nilisema dakika moja. Nilisikia kishindo nikiwa bado natafuta kiberiti."

Yule kijana aliangusha mikono, akageuka, akaegemea ukuta kwa paji la uso. Nilingoja anipige. Hakunipiga.

Aliyeongea ni shemeji.

"Kwa hiyo hakuniita?"

Sikumwelewa mara moja.

"Uliniambia neno lake la mwisho lilikuwa kuniita. Jirani. Miaka kumi na minane nalala na neno hilo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Aliniita, au hakuniita?"

"Sijui, shemeji," nikasema. "Sikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Tangu siku hiyo sijawahi kuitwa shemeji pale.

Mmeona lakini? Mtoto alisema mengi, na kila mtu alitafuta kosa lake. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye ile sentensi ya kwanza. Wewe ulikuwepo nilipokufa.

Babu Vifungo alinipita akielekea nje. Hakunipa mkono. "Rangi ile ni ya mafuta," akasema. "Haitoki kwa maji. Njoo na msasa."

Nilikwenda. Nilikwangua ubao ule kuanzia asubuhi mpaka mchana, herufi moja moja. Mchana akaja Chiriku na mama yake kununua zipu. Siku hiyo alivaa viatu vyote viwili. Akanivuta suruali.

"Babu, nisimulie yule mrefu."

Nikamtazama mama yake. Akafikiri sana, kisha akasema, "Msimulie vizuri."

Nikamsimulia. Rula alipofika juu ya ngazi, mtoto akaniwahi: "Na wewe uko chini, umeshika."

"Hapana," nikasema. "Chini hapakuwa na mtu."

Akakunja uso. "Hiyo siyo nzuri kama ile."

"Najua."

Daktari aliniachia namba zake, na kuna siku nilimuuliza kama katika watoto wote aliowachunguza hakuna hata mmoja wa kweli. Alisema wapo ambao hajapata chanzo chao. "Hao naandika sijui," akasema. Neno hilo dogo, sijui, ningelijua mapema lingeniokoa miaka kumi na minane.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli, wenzangu. Yangu ilipita miji mingi na ningeweza kuendelea kuitembea mpaka kaburini, kama si mtoto mmoja kuipita kwa mkato na kunisubiri mbele. Ukiwa mguu, shika ngazi. Ukiiachia, sema uliiachia, siku hiyohiyo, hata kama unanuka sigara. Na ukiwa na la kuficha, usiliseme hata mbele ya mtoto aliye chini ya meza. Mtoto hasahau. Anasubiri apate meno yote, ndipo aongee.